Lisbon kwa siku moja, mkiwa kundi la watu wa Mombasa

Kazi yangu ni kuongoza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale. Mtu wa kazi hii akienda mji wa watu hawezi kutembea tu. Macho yanatafuta kivuli kiko wapi, choo kiko wapi, nani ameanza kuchoka, na hadithi ianzie mlango gani. Nilikwenda Lisbon na wenzangu tuliosoma madrasa pamoja, watu wa Kibokoni, Majengo na Likoni, na tangu turudi kila anayepanga safari ya Ureno ananiuliza: siku moja mjini tuipange vipi? Jibu lenyewe naliandika hapa, kwa mtu wa pwani anayekwenda na wenzake, anayetaka kula halali, kuswali, na kuuona mji bila kukimbizana.

Kwa ufupi, fuateni maji. Lisbon ina vilima, makumbusho, makanisa na maduka ya kumaliza mwezi, na mkiwasikiliza wauza tiketi mtazungushwa kutwa nzima mrudi hotelini hamna mlichokishika. Lakini mji huu una mto, Tejo, na mto huu ndio uliotoa merikebu zilizotia nanga mbele ya Mombasa mwaka 1498. Sisi tumekulia kwenye upande mmoja wa kisa hicho. Pale mtauona upande wa pili: walikoondokea, walichopeleka kwao, na waliyoyajenga kwa mali hiyo. Anzeni magharibi ya mji, Belém, asubuhi. Mchana vukeni mto. Jioni pandeni vilimani kwenye mitaa ya zamani ya Waislamu. Miguu itahimili na kisa kitakwenda kwa mpango wake.

Mambo ya kumaliza nyumbani

Ureno imo katika eneo la Schengen, kwa hivyo pasipoti ya Kenya inahitaji viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msingoje wiki za mwisho. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua yuro 30,000, la sivyo hawatawaelewa.

Chagueni mweka hazina kabla hamjapanda ndege. Mtu mmoja, mwenye moyo mpana na hesabu nzuri. Kila asubuhi kila mtu anampa kiasi kilekile, na yeye ndiye analipa vinywaji, vitafunio na chakula. Nimeona makundi ya wageni wakigombana mbele ya lango la Ngome kwa sababu ya chupa ya maji, na sitaki mje mkosane ugenini kwa jambo ambalo linamalizwa na bahasha moja.

Siku ya matembezi isiwe Jumatatu. Jumatatu makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa, na yale makubwa mawili ninayowapeleka yamo katika hayo. Jumapili asubuhi kanisa la Jerónimos, ambako ndiko tunakoanzia, huwa na misa. Ikiwa ni Ijumaa, pangeni siku upya kabisa kwa kuuweka Msikiti Mkuu wa Lisbon katikati ya mchana. Uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na jamii iliyousimamisha ina watu wengi wenye asili ya Kihindi waliotoka Msumbiji. Mgeni wa Kiswahili hajisikii mgeni sana pale.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, ingieni katika kurasa rasmi za kila mahali mnapokwenda mhakikishe pako wazi. Majumba haya ni ya kale, na hufungwa kwa matengenezo mara kwa mara.

Viatu. Nalisema kwa mkazo kwa sababu nawajua watu wangu na ndara zao. Vijia vya Lisbon vimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mkono mpaka vikatoa maua na mawimbi. Ni kazi ya kupendeza, lakini nyayo za watu zimeving'arisha, na mvua ikinyesha vinateleza vibaya. Mje na raba za soli inayoshika. Na hata kama ni Julai, kila mtu awe na sweta ndani ya mkoba. Jioni upepo wa mtoni unapenya, na dada aliyevaa buibui jepesi atatetemeka.

Saa na swala

Saa zote humu nimeziandika kwa Kiswahili chetu, saa tatu asubuhi ni ile wanayoandika 9:00. Wakati wa kiangazi Lisbon iko nyuma ya Mombasa kwa saa mbili, majira ya baridi kwa saa tatu.

Kinachowachanganya watu wetu ni jua. Huku Mombasa magharibi haihami sana mwaka mzima. Kule, mwezi Juni jua linazama saa tatu usiku na dakika kadhaa. Mwezi Desemba ni kama saa kumi na moja na robo jioni. Kiangazi adhuhuri haiingii mpaka saa saba na nusu ipite. Pakueni nyakati za swala kwenye simu mapema, na kumbukeni kwamba msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kujumuisha. Kila mmoja abebe chupa ndogo tupu kwa ajili ya kutawadha, maana vyoo vingi vya mikahawa havina maji ya kutumia mtu wa kwetu.

Kadi ya usafiri

Kwenye mashine za vituo vya metro mnanunua kadi ya karatasi ngumu iitwayo navegante, senti 50 za yuro, kisha mnaitia tiketi. Kila mtu awe na yake. Kadi moja haiwezi kugongeshwa kwa watu wawili. Chagueni tiketi ya saa 24 ya aina inayojumuisha metro, basi, tramu na pia feri ya Cacilhas, kwa sababu feri ni sehemu ya njia hii. Saa 24 zinaanza kuhesabiwa pale mnapogongesha mara ya kwanza, na kila mnapopanda lazima mgongeshe tena hata kama siku imelipiwa. Wakaguzi hupita.

Kuhusu tramu nambari 28, ile ya manjano inayoonekana kwenye kila picha ya Lisbon: kwa kundi, iacheni. Ni behewa moja dogo, foleni yake Martim Moniz ni ndefu, mtabanwa mkiwa mmesimama bila kuona kitu, na wachomoaji wa mifukoni wanaijua vizuri kuliko dereva. Pigeni picha ikipita kona, inatosha. Mikoba ikae mbele ya kifua siku nzima, hasa kwenye tramu na kwenye ngazi za metro.

Asubuhi: Belém

Kutoka katikati ya mji pandeni tramu 15, na ikija imejaa pandeni basi 728 au 714. Shukeni mbele ya Monasteri ya Jerónimos mnamo saa tatu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa na kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Tiketi ya ua wa ndani inunuliwe mtandaoni mapema. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 chini ya Mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika kodi ya asilimia tano ya bidhaa zilizoletwa na merikebu kutoka Afrika na mashariki. Pilipili manga, mdalasini, dhahabu: hayo ndiyo yaliyogeuka nguzo.

Ingieni kwanza kanisani. Mkipita mlangoni tu, kushoto kwenu chini ya roshani, kuna kaburi la Vasco da Gama. Simameni hapo. Amelazwa chali juu ya sanduku la jiwe, viganja vimekutanishwa kifuani kwa dua, na ubavuni mwa sanduku imechongwa merikebu iliyotweka matanga. Kamba za jiwe zimesokotwa pembeni, uzi kwa uzi, mpaka mkono unataka kuzigusa, msiziguse. Alikufa Kochi, India, mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishiwa hapa karne ya 19.

Ni hapa ninapotaka mtu mmoja katika kundi awe amejitayarisha kusimulia. Asisome kwenye simu. Asimulie: Aprili 1498 alifika Mombasa, mambo yakaharibika, akaondoka kwenda Malindi, akapewa rubani aliyejua bahari ya India, na mwezi Mei akafika Calicut. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Francisco de Almeida aliushambulia mji wetu, akaupora na kuuchoma moto. Ngome ambayo tunaiona kila siku tukipita Makadara ilianza kujengwa 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaitwaa kutoka kwa Wareno 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Dakika tano zinatosha. Mtu akisikia maneno hayo kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, mbele ya kaburi hilo, siku yake yote inabadilika.

Upande wa kulia amewekwa Luís de Camões, mshairi. Utenzi wake wa safari ile, uliochapishwa 1572, unaisifu Malindi na kuifanya Mombasa kuwa mji wa hila. Watu wa Mombasa wana haki ya kulijua hilo wakiwa wamesimama mbele yake. Mji uliokataa kuingiwa ulikuwa na sababu zake.

Ua wa ndani una ghorofa mbili za matao yaliyochongwa kamba, majani na mwani wa baharini. Usipite haraka. Mwenzetu wa Majengo ni fundi wa milango ya nakshi, naye alikaa kwenye ukuta mmoja muda mrefu akifuata ua moja la jiwe kwa kidole hewani, akitafuta mchongaji alianzia wapi. Kundi likiwa na fundi, mpeni nafasi yake.

Kutoka hapo kateni bustani, piteni njia ya chini ya barabara mtokeze mtoni, kwenye mnara wa Padrão dos Descobrimentos. Ulisimamishwa 1960, miaka 500 baada ya kufa kwa Mwanamfalme Henrique, mfadhili wa safari za mwanzo za Wareno baharini, badala ya ule wa muda uliojengwa 1940. Kupanda juu si lazima. Kitu cha kuangalia kiko chini ya miguu: dira kubwa ya mawe yenye upana wa mita 50, zawadi ya Afrika Kusini, na katikati yake ramani ya dunia. Tafuteni mwambao wetu, msimame juu yake mpige picha ya pamoja. Mnara wa Belém, ulioanzwa 1514 kulinda mlango wa mto, uko umbali wa kutembea kufuata maji. Kwa siku moja ninaona nje yake panatosha. Upande wa magharibi tafuteni kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kibanda kimoja cha mlinzi, kimeliwa na chumvi sana. Kifaru wa kweli aliletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515, mnara ukiwa bado unajengwa.

Kuhusu vile vikaki vya mayai na maziwa, pastéis: duka maarufu la Belém limekuwa likivioka tangu 1837 na mapishi yao ni siri. Kwengineko baadhi ya waokaji hutumia mafuta ya nguruwe kwenye unga. Ulizeni kabla, neno ni banha. Wakisema siagi, manteiga, nunueni vya moto, nyunyizeni mdalasini uliowekwa mezani, mle mkiwa mmesimama na kahawa chungu.

Dhahabu ya Kilwa

Watalii wengi huruka mahali hapa. Mimi ningeacha vyote vilivyobaki kabla sijaacha hiki.

Pandeni basi 714 kurudi mjini mshuke Rua das Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Jumba ni kubwa na mkitaka kuona kila chumba mtapoteza mchana. Ulizeni mlangoni Custódia de Belém iko wapi, mwende moja kwa moja.

Ni chombo cha ibada cha kanisani, cha dhahabu na nakshi za rangi, kirefu kidogo tu kuliko mkono wa mtu mzima. Kilimalizwa 1506. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu akiwa na mizinga mingi zaidi, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na 1503 akaifikisha Lisbon. Mfalme Manuel akaamuru ifanywe chombo cha kuwekwa Jerónimos, kulekule mlikotoka asubuhi. Dhahabu yenyewe ilichimbwa bara, nyuma ya Sofala, ikateremshwa pwani na kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiswahili kabla hajatokea Mreno yeyote.

Inameni muitazame vizuri. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka katikati, kila mmoja na sura yake na rangi za nguo zake. Juu yao ananing'inia njiwa mdogo mweupe. Mtu akipita kwa kishindo karibu na kabati, angalieni kama hatikisiki. Mwenzetu wa Kibokoni, ambaye mama yake ana asili ya Kilwa, aliweka kiganja mbele ya kioo bila kukigusa akasema, "Hii ni yetu hii." Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hapakuwa na la kuongeza. Msiwaharakishe watu hapa. Ikiwa mna watoto au vijana katika kundi, waacheni wasome ubao wenyewe, kisha wawaulize maswali.

Mchana: kuvuka mto

Kutoka makumbusho, basi hilohilo au mwendo wa miguu unawafikisha Cais do Sodré. Hapo kuna feri ya Cacilhas. Mtu wa Likoni hatahitaji mafunzo: watu wanajazana kwenye lango, ikifunguka wanasukumana kidogo, wafanyakazi wanasinzia, na mgeni peke yake ndiye anayetazama maji. Tofauti ni kwamba kule mwenye miguu naye analipa, kwa ile kadi. Kaeni upande wa kulia mkienda ili mlione daraja la 25 de Abril, lililofunguliwa 1966 kwa jina la Salazar, mtawala wa kiimla wa Ureno wakati ule, na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974. Mapinduzi hayohayo ndiyo yaliyoifungulia Msumbiji njia ya uhuru mwaka uliofuata.

Kama dakika kumi mnashuka. Karibu kabisa na gati kuna merikebu ya matanga, Dom Fernando II e Glória, iliyoundwa Daman, India, kwa msaji, na kushushwa majini 1843. Wanaoijua Fort Jesus watakumbuka vitu vilivyopandishwa kutoka Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome 1697. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya maseremala wa India. Nilikuwa nikiwaeleza wageni juu ya merikebu ile kwa miaka, nikiwaonyesha vyungu na mizinga. Kupita chini ya sitaha ya mbao za nchi ileile, kichwa kikigusa boriti, kulinifahamisha jinsi wale mabaharia walivyobanana.

Chakula cha mchana ni samaki. Mikahawa ya Cacilhas inachoma dorada, kibua na dagaa wakubwa wanaowaita sardinha, wanono zaidi kuanzia Juni. Ulizeni jiko la makaa kama halichomi nguruwe, porco, kwenye waya huohuo. Wengi watawajibu kwa uaminifu na wengine watawapikia kwenye sufuria ya pembeni. Supu ya kijani ya sukuma, caldo verde, huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe, basi iacheni. Na jambo hili mweka hazina alishike: mkishakaa, mhudumu ataleta mkate, zeituni, pengine jibini, bila kuagizwa. Si takrima. Mkila mtalipa. Kama hamtaki, sukumeni kando kwa adabu mseme não, obrigado, na dada zetu waseme obrigada. Hakuna atakayekasirika. Mikahawa mingi ina mvinyo. Asiyetaka kukaa penye mvinyo anunue matunda na mkate aketi ukutani mtoni, na kundi limngoje.

Jioni: vilimani

Mkirudi ng'ambo, msipande metro. Tembeeni kulia kufuata maji kupitia Ribeira das Naus, ambapo ndipo karakana ya kuunda merikebu ilipokuwa, mpaka Terreiro do Paço, ule uwanja mkubwa uliofunguka mtoni. Palikuwa na kasri la mfalme hapa. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda, kisha moto ukala kilichobaki. Mitaa iliyonyooka nyuma ya tao ilijengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, nyumba zikatiwa viunzi vya mbao ndani ya kuta zipate kuyumba bila kuanguka. Chini ya sanamu ya mfalme na farasi wake ndipo pahala pazuri pa kukutania mtu akipotea. Wekeni ahadi hiyo tangu asubuhi, maana simu huzimika.

Sasa hila ya kazi yangu: na kundi, panda kwa gari, shuka kwa miguu. Basi dogo 737 linatoka Praça da Figueira mpaka mlangoni mwa ngome ya São Jorge. Ngome hii ilikuwa ya Waislamu, na ilichukuliwa mwaka 1147 na Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, pamoja na wapiganaji wa msalaba. Kama pesa na nguvu zipo, ingieni. Kama hazipo, teremkeni hatua chache hadi Portas do Sol na Santa Luzia, mandhari ni bure na ni ileile ya Alfama na mto. Kwenye ukuta wa kanisa la Santa Luzia kuna picha mbili za vigae vya buluu: moja ya kuangushwa kwa ngome, ya pili ya Terreiro do Paço kabla ya tetemeko. Alfama yenyewe, kwa nyumba zilizosongamana, vichochoro vya upana wa mtu na punda na nguo zilizoanikwa madirishani, haitaki ramani. Mteremke mpaka mtakapochoka. Semeni olá kwa vikongwe waliokaa mlangoni, maana mnapita uani mwao.

Kisha Mouraria. Baada ya 1147 Waislamu waliobaki walipangiwa kukaa nje ya kuta, upande huu wa kilima, na walikaa mpaka mfalme alipotoa amri ya mwaka 1496 ya kuwafukuza. Miaka zaidi ya 500 imepita, na leo katika Rua do Benformoso na kando ya Martim Moniz utasikia adhana ya simu mfukoni mwa mwenye duka. Wengi ni Wabangladeshi. Kuna maduka ya nyama ya halali, mchele wa basmati kwa magunia, na vyumba vya kuswalia mlemle mtaani. Muulizeni muuza duka yeyote, atawaonyesha kwa mkono. Alasiri yetu tuliiswali hapo, na mzee mmoja akatusogezea kapeti bila kuuliza tumetoka wapi.

Chakula cha usiku kileni hapa. Biriani, karai ya mbuzi, mkate wa moto. Na kabla ya vyote agizeni chamuças. Ni sambusa, pembe tatu, zilizofika Ureno kwa njia ya Goa na Msumbiji, na siku hizi zinauzwa hata katika mikahawa ya Wareno. Za Mouraria zina nyama ya halali na pilipili ya kutosha. Bi mkubwa katika kundi letu alikula moja, akaifungua ya pili kutazama kitunguu kimekatwaje, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ombeni ndimu, watawapa.

Mkimaliza, mweka hazina afunge hesabu palepale mezani, kilichobaki kirudishwe au kibakizwe kwa kifungua kinywa, kila mtu asikie. Kituo cha metro cha Martim Moniz kiko hatua chache, mstari wa kijani, na treni zinakwenda mpaka saa saba usiku. Kwa wanaokaa karibu na uwanja wa ndege, badilisheni Alameda mchukue mstari mwekundu. Tembeeni pamoja mpaka kituoni, akina mama katikati, na kadi mziweke tayari mkononi, maana bila kuzigongesha lango halifunguki, hata la kutokea.